Kwa Baiskeli Hadi Kasri la Wanawake

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya presha, kisukari, chanjo na malezi ya watoto wachanga. Mwezi huu nawaomba mnisindikize mbali kidogo, hadi Ufaransa, kwenye bonde la mto Loire, ambako makasri ya wafalme wa zamani yamesimama jirani jirani kama nyumba za ukoo mmoja. Msidhani nimeacha uuguzi. Mtaona wenyewe kwamba hata huko niliyakuta yale yale ninayokutana nayo wodini kila siku: mama aliyezaa mfululizo, mtu aliyegonga kichwa akadhani ni jambo dogo, mjane aliyeachiwa madeni. Tofauti ni kwamba hawa walivaa hariri.

Loire ni mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Katika karne ya 15 na ya 16 wafalme wa nchi ile walipenda kukaa huku kuliko kukaa Paris. Kulikuwa na misitu ya kuwindia, mto wa kupitishia mizigo, na jiwe jeupe laini linalochimbwa kandokando ya mto, ambalo fundi hulichonga bila taabu nyingi. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya bonde hilo, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes, iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Siku hizi ipo pia njia ya baiskeli iitwayo La Loire à Vélo, yenye kilomita 900 hivi, inayofuata mto mpaka bahari ya Atlantiki. Ina vibao kila njia panda, na kwa sehemu kubwa ni tambarare.

Hatukwenda kilomita 900, msiogope. Tulikuwa akina mama wanne, mdogo wetu miaka 44 na mkubwa wetu 61, tukialikwa na binti wa mmoja wetu anayefanya kazi katika mji wa Tours. Tulitumia siku saba kutoka Blois hadi Villandry, mwezi wa Septemba, siku nyingine tukienda kilomita 15, siku nyingine 25, na siku moja hatukwenda popote kwa sababu ya mvua.

Swali la kwanza la kila mama ni hili: "Mimi kwa umri huu, nitaweza?" Jibu langu kama muuguzi ni kwamba wengi wataweza, kama watajiandaa. Anza miezi miwili kabla. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wiki ya nne panda baiskeli, hata ya kuazima, mahali pasipo magari. Kama una presha, kisukari, au kifua hukubana unapopanda ngazi, nenda kwanza upimwe na umwambie daktari waziwazi unataka kufanya nini. Usimwambie tu kwamba unasafiri. Mwambie kwamba utaendesha baiskeli saa tatu kwa siku. Mwenzetu wa miaka 61 ana presha. Alipimwa, dawa yake ikarekebishwa wiki sita kabla, naye ndiye aliyekuwa mbele yetu karibu siku zote. Magoti yalipomsumbua tulimkodia baiskeli yenye mota ya umeme, ambayo humsaidia mtu anapokanyaga. Hilo si jambo la aibu. Tuliona wazee wengi wa kule wakizitumia.

Mtaniuliza, kwa nini mjitese na baiskeli na mabasi ya watalii yapo? Nendeni Chambord mtajua. Kutoka Blois ni mwendo wa kilomita 16 hivi. Kasri hilo limo ndani ya msitu wa hekta 5,440 uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32. Ukiingia kwa baiskeli unapita kwenye kivuli cha miti kwa muda mrefu, kimya, ukisikia ndege tu, halafu ghafla miti inaachana na unaona mbele yako mji mzima wa minara juu ya paa moja. Aliyekuja na basi hushushwa kwenye maegesho, akapita maduka, akaliona kasri juu ya vichwa vya watu.

Chambord lilianza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya mfalme François wa Kwanza. Lina vyumba 426 na mahali pa kukokea moto 282. Katikati ipo ngazi ya ajabu, ngazi mbili zinazozunguka pamoja, mtu akipanda hii na mwingine akishuka ile wanaonana madirishani bila kukutana. Nakiri uzuri wake. Lakini mfalme huyo alitawala miaka 32, na siku alizolala humo hazikufika hata miezi mitatu. Baridi ilikuwa kali na chakula kilipaswa kuletwa kutoka mbali. Mwenzetu mmoja aliangalia zile dohani zote akauliza nani alikuwa akibeba kuni. Hakuna kibao kinachojibu swali hilo.

Tuliporudi Blois tulilala siku mbili, na pale ndipo nilipokutana na Claude. Ni mke wa huyo huyo François. Watu wengi wa Ufaransa wanamjua kwa sababu ya tunda tu, plamu ya kijani yenye jina lake. Mama yake, malkia Anne wa Bretagne, alishika mimba nyingi, lakini walioishi hadi utu uzima walikuwa mabinti wawili tu, Claude na Renée. Claude alizaliwa mwaka 1499. Aliolewa akiwa na miaka 14. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1515, wa pili 1516, wa tatu 1518, wa nne 1519, wa tano 1520, wa sita 1522, wa saba 1523. Mwaka 1524 akafa, hajafikisha miaka 25.

Pale kasrini Blois wageni hupiga picha ngazi ya nje iliyochongwa kwa ustadi, iliyojengwa wakati wa Claude. Mimi nilikaa kwenye benchi uani nikahesabu kwa vidole. Watoto saba katika miaka minane! Malkia huyu alikuwa na wapishi, matabibu, vitanda vya mapazia na kila kilichopatikana wakati ule. Hakuna kilichoweza kuchukua nafasi ya kupumzisha mwili. Nimewahi kusimama kando ya kitanda cha mama wa miaka 24 mwenye watoto watano, damu yake nyepesi kama maji ya chai, na mama mkwe wake mlangoni akiniambia kwamba uzazi ni kazi ya mwanamke. Siku hizi tunashauri angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Nani angeweza kumwambia hivyo mfalme?

Kutoka Blois tulifuata mto kuelekea Amboise, tukalala njiani karibu na Chaumont, kasri lenye minara minene juu ya kilima. Likumbukeni jina hilo la Chaumont, tutalirudia.

Amboise ni mji mdogo na kasri lake liko juu ya mwamba, linautazama mto. Leonardo da Vinci aliishi miaka yake ya mwisho hapo, katika nyumba ya Clos Lucé, umbali wa kutembea dakika chache, akafa mwaka 1519. Wengi huja kwa ajili yake. Mimi nilitaka kuona mahali alipokufa mfalme Charles wa Nane. Tarehe 7 Aprili 1498, akiwa na miaka 27, alikuwa akienda na mkewe kutazama mchezo wa mpira. Akapita kwenye mlango mfupi, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu. Hakuanguka. Aliendelea na safari yake, akatazama mchezo, akaongea na watu. Baadaye akaanguka ghafla, akapoteza kauli, na usiku huo akafariki.

Akina mama, hili nalisema kwa msisitizo. Mtoto akianguka kwenye mwembe, au baba akipigwa na boriti, kisha akainuka na kusema "sijambo", usimwache. Muangalie kwa karibu siku nzima na usiku wake. Akitapika zaidi ya mara moja, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisinzia kusiko kwa kawaida, akiongea maneno yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au mkono ukilegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu wakati mtu bado anacheka. Hatuwezi kujua hasa ni nini kilichomuua Charles, lakini mwendo wa ugonjwa wake kila muuguzi wa chumba cha dharura anautambua.

Amboise ina jambo jingine, na ukurasa wa gazeti kama letu hauwezi kulipita. Mwezi Machi 1560 kundi la Waprotestanti wa Ufaransa lilijaribu kumkamata mfalme kijana François wa Pili ili kumtoa mikononi mwa watawala wa ukoo wa Guise. Njama ikagunduliwa. Watu kwa mamia waliuawa, wengine wakazamishwa mtoni, wengine wakanyongwa kwenye roshani ile ile ya chuma ambayo leo watalii huegemea wakitazama machweo. Waliohukumu na waliohukumiwa wote walisali Baba Yetu. Vita vya dini vilivyofuata viliendelea kwa vipindi hadi 1598, mwaka ambao Amri ya Nantes iliwapa Waprotestanti haki ya kuabudu. Mwaka 1685 mfalme Louis wa Kumi na Nne akaifuta. Tulisimama pale juu muda kidogo, sisi wa madhehebu mawili tofauti. Hakuna aliyesema neno, kisha tukashuka kutafuta mkate.

Sasa nifike nilikotaka kufika. Kutoka Amboise hadi Chenonceau ni kilomita 14 hivi, kwa njia inayopita msituni. Wawili wetu walikwenda kwa baiskeli, na wawili, mimi nikiwemo, kwa miguu. Tulitoka saa moja na nusu asubuhi tukafika kabla ya chakula cha mchana. Kasri hili haliko kwenye Loire. Liko juu ya mto Cher, na ninaposema juu ya mto namaanisha hivyo hasa: limejengwa kama daraja, maji yanapita chini ya sakafu. Wafaransa huliita kasri la wanawake, na kila kipindi cha historia yake kina mwanamke aliyelishika.

Wa kwanza ni Katherine Briçonnet. Mumewe Thomas Bohier alishughulikia fedha za wafalme na mara nyingi alikuwa vitani Italia, kwa hiyo Katherine ndiye aliyesimamia mafundi kati ya 1513 na 1521. Inasemwa kuwa ngazi iliyonyooka, badala ya ile ya kuzunguka iliyokuwa kawaida, ni matakwa yake. Mimi naamini. Aliyewahi kupanda ngazi ya kuzunguka akiwa amebeba mtoto na ndoo ataamini pia. Bohier alikufa 1524, Katherine 1526. Baada ya hapo serikali ikachunguza vitabu vya marehemu, ikadai fedha, na mwaka 1535 mtoto wao akalitoa kasri kwa mfalme kulipa deni. Kazi yote ya mama ikaondoka kwa hesabu za baba.

Wa pili ni Diane de Poitiers. Niseme wazi, alikuwa kile tunachokiita nyumba ndogo, ya mfalme Henri wa Pili, naye alimzidi mfalme umri kwa karibu miaka 20. Mwaka 1547 mfalme alimpa Chenonceau. Diane hakuwa mjinga. Alijua mali ya taji haitolewi kama zawadi ya kanga, na kwamba siku mfalme akifa ataulizwa. Akatumia wanasheria miaka kadhaa mpaka mwaka 1555 akalipata kwa hati ya kununua. Akapanda bustani, akajenga daraja hadi ng'ambo ya mto.

Na mke wa ndoa? Catherine de Medici aliolewa mwaka 1533 akiwa na miaka 14, na kwa miaka kumi hakupata mtoto. Jumba zima la kifalme lilijua, na lilizungumzwa shauri la kumrudisha kwao. Alikunywa dawa za kila mtabiri na kila tabibu. Mtoto wa kwanza akazaliwa Januari 1544, wakafuata wengine mpaka wakafika kumi. Mnaokuja kliniki yangu kwa siri, mkinong'ona kwamba ukoo wa mume umeanza kuulizia, mnaweza kumuelewa mama huyu kuliko wanahistoria wanavyomuelewa.

Mwaka 1559 Henri aliumia kwenye mchezo wa mikuki, kipande cha mti kikamuingia jichoni, akafa baada ya siku kumi. Catherine akamwita Diane arudishe vito vya taji, na akamlazimisha kuachia Chenonceau na kuchukua Chaumont badala yake, lile kasri la kilimani tulilolala karibu nalo.

Mwenzetu wa miaka 61 ni mjane. Mumewe alifariki miaka mitatu kabla ya safari yetu, na ndugu wa marehemu walikuja na orodha kabla ya arobaini. Tulipokuwa tukisomewa habari hii na binti yetu aliyejua Kifaransa, mama huyo aliuliza swali moja tu: "Hati ilikuwa na jina la nani?"

Ilikuwa na jina la Diane. "Na bado akatoka?" Bado akatoka. Mama akatikisa kichwa, akaenda kusimama dirishani akitazama maji. Yeye nyumba yake aliiokoa, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye hati pamoja na la mume, tena ndoa yao ilikuwa na cheti. Cheti Diane hakuwa nacho. Wewe unayesoma hapa, unajua hati ya nyumba yenu iko wapi? Umewahi kuisoma kwa macho yako mwenyewe, jina kwa jina?

Catherine alijenga juu ya lile daraja la Diane ukumbi wenye urefu wa mita 60 na madirisha 18, uliomalizika mwaka 1576. Januari 1589 akafariki, akimwachia kasri mke wa mwanawe, Louise de Lorraine. Agosti mwaka huo huo mume wa Louise, mfalme Henri wa Tatu, akachomwa kisu. Louise akavaa nguo nyeupe, rangi ya maombolezo ya malkia, na hakuivua mpaka alipokufa mwaka 1601. Chumba chake kipo hadi leo. Dari na kuta zimepakwa rangi nyeusi, zikachorwa machozi ya fedha, manyoya, majembe ya wachimba kaburi na kamba za ujane. Juu ya huzuni hiyo wakaja wadai, maana Catherine aliacha madeni mengi kuliko samani.

Wageni hupita chumbani humo kwa dakika mbili. Sisi tulikaa. Kama muuguzi nasema chumba kile si mfano wa kuiga. Mtu aliyefiwa anahitaji mwanga, chakula, usingizi na mtu wa kumsikiliza. Mjane asiyetoka, asiyeoga, asiyekula vizuri kwa miezi mingi ana ugonjwa unaotibika, na kumwambia tu "jipe moyo" hakutoshi. Mpeleke kwa mganga. Lakini sikuthubutu kumcheka Louise. Mwenzetu alisema, "Angalau walimwacha alie chumbani mwake."

Katika karne ya 18 nyumba ilikuwa ya Louise Dupin na mumewe. Mama huyu alikuwa msomi, akiandika juu ya usawa wa wanawake, na mwandishi Rousseau alikuwa karani wake. Wakati wa mapinduzi, makasri mengi yalipoharibiwa, hili lilipona. Husimuliwa kwamba alijaza kuni kwenye kanisa dogo la ndani ili lisitambulike. Alifariki mwaka 1799 akiwa na zaidi ya miaka 90, kitandani mwake.

Halafu vita vya 1914. Hapa nilikaza mwendo, maana ndiyo habari iliyonivuta tangu nyumbani. Familia ya Menier, wenye kiwanda cha chokoleti, walikuwa wamelinunua kasri mwaka mmoja kabla. Gaston Menier akaugeuza ukumbi ule wa Catherine kuwa hospitali ya majeruhi, kwa fedha zake mwenyewe. Vitanda vilipangwa safu mbili kutoka mlango hadi mlango, juu ya maji. Mkwe wake, Simone Menier, ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu. Mpaka mwisho wa mwaka 1918 walikuwa wametibiwa humo majeruhi 2,254.

Nilitembea mita zile 60 nikihesabu hatua. Sakafu ni ya vigae vyeusi na vyeupe, rahisi kudeki. Madirisha pande zote mbili, hewa inapita moja kwa moja, na wakati ule dawa za kuua vijidudu kama penisilini zilikuwa bado hazijapatikana, kwa hiyo hewa safi, sabuni na mkono wa muuguzi vilikuwa nusu ya tiba. Nikawaza maji ya moto yalitoka wapi. Jiko liko chini kabisa, ndani ya nguzo za daraja. Kila beseni lilipanda ngazi. Inasimuliwa kwamba wagonjwa walioshindwa kutembea walivua samaki kutoka madirishani. Nimefanya kazi kwenye wodi zenye mashine nzuri kuliko zile, lakini dirisha la namna hiyo sijawahi kuwapa wagonjwa wangu.

Vita vya pili vilipokuja, mwaka 1940, mto Cher uliwekwa kuwa mpaka kati ya sehemu iliyokaliwa na Wajerumani na sehemu nyingine. Mlango wa mbele wa kasri ukawa upande huu, na mlango wa mwisho wa ukumbi upande ule. Watu waliokuwa wakitafutwa walipitishwa humo, na Simone, yule yule muuguzi, alikuwa mmoja wa waliosaidia. Hali hiyo ilidumu mpaka Novemba 1942, Wajerumani walipoichukua nchi nzima.

Baada ya Chenonceau nitapita haraka. Tulichukua treni hadi Tours, kituo kiko karibu kabisa na lango la kasri, na kesho yake tukaenda Villandry, kilomita 17 hivi. Huko wapenda bustani msikose. Daktari Mhispania, Joachim Carvallo, na mkewe Mmarekani, Ann Coleman, walilinunua mwaka 1906 wakaacha utafiti wa maabara. Bustani yao ya mboga ina miraba tisa, kabichi, karoti, biringanya na maboga vikiwa vimepangwa kwa rangi kama vitenge. Ikipandwa mara mbili kwa mwaka haichoki udongo, kwa sababu mazao hubadilishwa mahali kila msimu. Hiyo unaweza kuifanya nyuma ya jiko lako bila kasri.

Wawili wetu walifika hadi Nantes kwa treni, kwenye kasri alikozaliwa Anne wa Bretagne mwaka 1477. Ndani yake kuna makumbusho yanayoeleza bila kuficha kwamba Nantes ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ufaransa katika biashara ya watumwa. Kando ya mto, mwaka 2012 ulifunguliwa ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa, na chini ya miguu yako vipo vipande vya kioo vyenye majina ya meli. Wafaransa walifika hata kwetu. Mwaka 1776 mmoja wao, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwani.

Sasa ya vitendo, kwa anayefikiria kwenda. Viza ya nchi zile hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, hivyo ikate mapema. Dawa zako zibebe kwenye mkoba wa mkononi, na karatasi ya daktari yenye majina halisi ya dawa, si ya kibiashara. Ndani ya ndege simama, tembea, kunywa maji, damu isigande miguuni. Kumbuka kule magari hupita kulia, na hatari kubwa kwa sisi tuliozoea kushoto ni asubuhi unapotoka ukiwa bado na usingizi.

Mavazi. Najua wapo watakaosema mama wa kanisa havai suruali. Kanga na sketi ndefu zinaingia kwenye cheni, na mama aliyevunjika taya si ushuhuda mzuri. Vaa suruali pana, au sketi iliyogawanywa katikati. Kiti cha baiskeli kiwe juu kiasi kwamba mguu unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini, vinginevyo magoti yatalia. Nguo ya ndani iwe ya pamba isiyo na mshono mnene, na pakeni mafuta ya mgando mapajani kabla ya kuanza, msingoje kuchubuka. Msibane mkojo kwa sababu vyoo viko mbali, wala msiache kunywa maji ili msiende chooni. Wengi hupata maambukizi ya mkojo safarini kwa njia hiyo. Mwenye kisukari awe na biskuti mfukoni, apime kabla ya kupanda, na akague nyayo kila jioni. Mkipita msituni kagueni kupe mwilini usiku, hasa nyuma ya magoti na kinenani. Akinasa, mtoeni kwa kibanio kidogo akivutwa taratibu bila kumpondaponda.

Kwa wanaopenda kutembea, ipo njia ya miguu iitwayo GR 3 inayofuata mto; alama zake ni mstari mweupe juu ya mwekundu, kwenye miti na nguzo. Ukihitaji msaada wa dharura piga 112. Duka la dawa utalijua kwa msalaba wa kijani. Ukiingia dukani sema "bonjour" kwanza, kama vile kwetu huwezi kuuliza bei bila salamu. Na mle mapema, kwani baada ya saa nane mchana mikahawa mingi huzima majiko mpaka jioni. Siku ya Villandry tulichelewa, tukala mkate na jibini juu ya ukuta wa mto, baiskeli zimelala kwenye majani, na yule mama wa miaka 61 tayari anauliza kama mwakani kuna kasri jingine lisilo na kilima.